Mkono wa Mkunga

Daktari Hemedy alimfunga mama mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo, kisha akauacha vile vile unambana. Akakaa anaangalia. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, na nilishafungua mdomo nimuulize kama amesahau kazi yake, ndipo nikaona vidole vya mama vinaanza kujikusanya. Havikukunja ngumi. Vilinyooka, vikabanana pamoja vikachongoka mbele, kidole gumba kikajificha kiganjani, na kifundo cha mkono kikapinda chini. Mama alijaribu kuvifungua kwa mkono wa pili, akashindwa.

Hakuogopa. Aliutazama mkono wake kama mtu aliyekutana na jamaa yake safarini.

“Huu mkono naujua, mwanangu,” alimwambia daktari. “Hivi ndivyo ninavyoukunja nikimfuata mtoto aliyegoma kutoka.”

Daktari akacheka huku anaufungulia upepo. “Basi bibi, hata vitabu vyetu vinauita hivyo hivyo. Mkono wa mkunga.”

Mama akaangua kicheko, nami nikacheka, hasira zote zikaniisha. Nakitaja kicheko hicho kwa sababu baada yake hatukucheka tena hivyo, mimi na yeye. Tulikuwa Kibiti, tumetoka Mbuchi kwa boti na kisha kwa pikipiki, na tulidhani tumeshaujua ugonjwa, kilichobaki ni kupona.

Mama yangu, Bi Mwajabu, alizalisha sehemu kubwa ya watu wa Mbuchi kabla serikali haijawataka wajawazito wote wajifungulie zahanati. Hata baada ya hapo wanawake walimfuata awakande migongo na kuwasindikiza. Alikuwa na rovu shingoni, akaishi nalo miaka mingi akilifunika kwa ncha ya kanga. Lilipoanza kumkaba akilala tulimpeleka Dar, likatolewa, kidonda kikapona vizuri. Tulipomrudisha nyumbani ndipo midomo ikaanza kufa ganzi na vidole kukakamaa katikati ya kusuka ukili wa mkeka. Wapo waliosema ni watoto waliofia mikononi mwake, wanaudai mkono uliowapokea. Niliwasikia kisimani, nikawapa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Kumbe ilikuwa damu. Daktari Hemedy alitueleza taratibu, bila kujikweza. Alisema katika damu ya kila mtu mna madini mawili, kalsiamu na fosforasi, na hayo yana wasimamizi wao, vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, vimejibanza nyuma ya tezi ile inayovimba ikawa rovu. Wakati mwingine rovu likitolewa navyo huondoka, au hufa, hata mikono ya daktari iwe mizuri namna gani. Vikikosekana, kalsiamu inashuka na fosforasi inapanda, na kalsiamu ikishuka ndipo misuli inakakamaa, na mkono ukibanwa na mkanda unajikusanya vile tulivyoona.

“Kama mpunga usio na mtu wa kuuamia,” mama alisema. “Ndege wanajishukia tu.”

“Hivyo hivyo, bibi. Sasa wa kuamia ni wewe mwenyewe.”

Akampa vidonge vyeupe, vikubwa, vya kutafuna, asubuhi na mchana na jioni, pamoja na chakula, maisha yake yote. Vikitafunwa na chakula, alisema, vinafanya kazi mbili: vinaongeza kalsiamu mwilini, na vinaikamata fosforasi ya chakula tumboni isipande kwenye damu. Akasema pia apunguze dagaa wakavu, wana fosforasi nyingi. Mwambie mtu wa kwetu deltani apunguze dagaa! Mama aliitikia kwa adabu tu.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Midomo ikaacha kufa ganzi, mama akarudi kwenye ukili wake, na damu ilipopimwa kalsiamu ilikuwa imepanda. Nilitamba mtaani kama vile dawa nimeitengeneza mimi. Tuliporudi kliniki mara iliyofuata, majibu yalikuwa mabaya kuliko siku ya kwanza. Kalsiamu chini kabisa, fosforasi juu.

“Bibi, vidonge unavila?” daktari aliuliza.

“Navila, mwanangu.”

“Vyote?”

Hapo nikaingilia. “Kopo nalibeba mimi likiwa tupu, daktari. Mama yangu si mwongo. Kama dawa zenu zimechacha, semeni.”

Daktari hakukasirika. Alinitazama kwa uchovu, akasema, “Sijamwita mama mwongo. Nasema vidonge havijafika kwenye damu yake. Vikifika, damu inaonyesha.”

Alitaka kumlaza amtundikie kalsiamu kwa mshipa. Mama akakataa katakata. Mdogo wangu Swaumu alikuwa na mimba kubwa, na mama alisema hawezi kulala Kibiti wakati mwanawe hana wa kumkanda kiuno. Daktari akambembeleza, mimi nikafoka, mama akawa anafunga kanga yake polepole kwa vile vidole vigumu. Mwishowe daktari akatupa kopo jingine, akaniambia nisikie vizuri: ganzi ikizidi, au sauti ikianza kuwa nyembamba na kukwama kooni, nimlete siku hiyo hiyo, nisingoje. Koo nalo ni msuli, alisema. Njia nzima kurudi nilikuwa nimenuna, namnunia daktari, na mama kakaa mbele yangu kwenye boti, kanipa mgongo.

Ile ilikuwa mimba ya tatu ya Swaumu. Mbili za kwanza zilitoka miezi ikiwa imeshaenda, na zote mama ndiye aliyezipokea. Hii ya tatu ilikuwa imekaa, na ilikuwa inataka udongo. Swaumu aliwaza udongo toka anapoamka. Mvua ikinyesha, ile harufu ya ardhi inamtoa machozi. Nesi wa zahanati alikuwa amemkataza kwa ukali, kwa kuwa damu yake ilikuwa ndogo na udongo una minyoo. Sasa kwetu, mimba ikiomba kitu hainyimwi. Ukiwa nacho unatoa, hata kama ndicho chakula chako cha jioni. Anayemnyima mjamzito anasemwa mpaka mtoto anaota meno, na likitokea lolote, yeye ndiye wa kwanza kutazamwa. Mama alikuwa amewafundisha wanawake wa Mbuchi jambo hilo miaka yote.

Siku moja asubuhi nilikwenda kwa Swaumu kuazima ungo. Nilimkuta amekaa kizingitini, miguu kainyoosha, shavu limetuna, anatafuna. Kutafuna kwenyewe kulikuwa na mlio kama wa mtu anayesaga chaki. Midomo yake ilikuwa na vumbi jeupe.

“Unakula nini wewe?”

“Vidonge vya wajawazito, dada. Mama ananiletea.” Akafungua fundo la kanga, akanionyesha vingine. “Onja. Ukifumba macho ni udongo wa kichuguu kabisa. Bila hivi ningeshachimba ukuta huu.”

Sikuonja. Vile vidonge nilivijua kwa sura na kwa ukubwa, nimevibeba mwenyewe kutoka Kibiti. Niligeuka nikaelekea kwa mama. Nilisahau na ungo.

Mama nilimkuta uani anapepeta mchele. Alivyoniona uso tu akauweka chini ungo wake.

“Tangu lini?” nilimuuliza.

“Punguza sauti.”

“Tangu lini, mama? Nimemtukana daktari wa watu kwa ajili yako!”

“Mimba mbili, Sihaba,” alisema. “Nimezipokea kwa mkono huu, zote hazina pumzi. Ya tatu inaomba, nami ninacho kwenye kopo. Nimwambie hakuna?”

“Ni uhai wako ule!”

“Ni chokaa. Daktari mwenyewe alisema ni madini ya mifupa. Mtoto anajengwa mifupa sasa hivi. Mimi yangu ilishajengwa zamani. Ikinizidi ganzi natafuna kimoja, inatulia.”

Nilimwambia kuwa mifupa siyo habari yenyewe, habari ni damu, na kwamba moyo nao ni msuli kama koo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, ningenunua vya kwake na vya Swaumu, si vinauzwa? Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

“Ungemwambia,” alisema. “Una mdomo, mwanangu. Na akijua vilikuwa vyangu, asingekula hata kimoja. Angerudi kwenye udongo.” Kisha akanishika mkono kwa ule wake usiofunguka. “Niapie. Hata nikifa, Swaumu asijue. Mtoto asizaliwe na deni la mtu.”

Niliapa. Niliapa kwa hasira, ili aninyamazie, sikujua naapa nini.

Shemeji yangu Nassibu, mume wa Swaumu, alikuwa anapeleka kamba wabichi Kibiti kuuza, nikamwagiza makopo mawili, moja la mama na moja la mkewe. Sikumwambia kwa nini. Alirudi kesho yake asubuhi. Nikakaa mbele ya mama kama askari, akatafuna vidonge na wali mbele yangu, huku ananizomea kuwa nimegeuka mama mkwe. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikaona tumewahi.

Hatukuwahi. Mchana, akiwa anasali adhuhuri, nilisikia sauti yake inakuwa nyembamba. Alipotoa salamu ilikuwa kama mtoto mchanga anayejifunza kulia. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimeshajikusanya, na miguu nayo imeanza. Nesi wa zahanati alikuja mbio, akamtazama, akasema sindano ya kalsiamu hawana, twende Kibiti sasa hivi. Nassibu akaleta boti.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mtu wa Mbuchi anaelewa maana yake. Mfereji tunaopita ulikuwa umebaki uzi wa maji katikati ya tope, na tulipofika kwenye kona yenye mikoko mirefu boti ilikaa chini, injini ikawa inatema matope tu. Nassibu akashuka, akazama mpaka mapajani, akasukuma. Nami nikashuka. Tulisukuma huku tunasikia mama anavyovuta pumzi, kila pumzi na mluzi wake. Nikapanda tena, nikavisaga vidonge kwa meno yangu, nikachanganya na maji kiganjani, nikamwekea mdomoni. Yalirudi yote. Koo lilikuwa limefunga mlango.

Alikuwa ananitazama. Alinipa ule mkono wake uliochongoka, nikaushika kwa mikono yangu miwili, nikamwita mama, mama, nikamsomea shahada sikioni kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Mluzi ukawa mfupi, kisha ukakata. Nassibu aliendelea kusukuma, hakuwa amejua.

Maji yalipojaa tuligeuza boti.

Wakati wa kumwosha nilikuwa mmoja wa waliomshika. Niliogopa tutalazimika kuvivunja vile vidole ili vinyooke, lakini vilikuwa vimeshafunguka vyenyewe. Kiganja kilikuwa kimelegea, cheupe, laini, mkono wa mtu yeyote. Hapo ndipo nililia mpaka wakaniondoa.

Mchana wa siku ya pili ya matanga, wanawake wakiwa uani wanapika, niliingia chumbani kwa mama. Makopo yote mawili nilikuwa nimeyaficha chini ya kitanda. Lake lilikuwa limefunguliwa, la Swaumu bado lina karatasi yake mdomoni. Niliyashika nikawaza kuyatupa mtoni, na nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na mama, na yale maji, na udongo, na tumbo la mdogo wangu. Ndiyo, na tumbo lile. Namwomba Mungu msamaha, lakini nililichukia.

Swaumu akaingia. Macho yamevimba, mkono mmoja kiunoni, anatembea kwa kuyumba. Akanivuta tukakaa kitandani, akaegemeza kichwa begani kwangu. Kisha akaona nilichoshika.

“Dada,” alisema, kwa aibu, akifuta pua na kanga. “Najua siyo wakati wake. Lakini tangu juzi mimba hii inaniwasha. Asubuhi nimejikuta naramba ukuta.” “Mama alikuwa ananiambia nisione haya kuomba. Alisema anavyo vingi.”

Mtoto akacheza. Niliuona mpigo wake kwenye kanga, teke la nguvu, la mtoto mwenye mifupa.

Nikachana karatasi ya kopo. Kifuniko kikagoma, kisha kikafunguka. Nikammiminia kiganjani.

“Alikuwa navyo vingi,” nikasema. “Kula, mdogo wangu.”