Shati la Sawachi

Tavachi, mkuu wa Waute, wenyeji wa asili wa Marekani, wa bonde la juu, alifika studio ya Denver asubuhi akiwa na koti jeusi, akakalishwa chini ya dari ya vioo. Alikuwa na shauri kwa gavana: milima yao isichukuliwe. Pruitt, afisa aliyewekwa na serikali kuwasimamia Waute, alimwambia picha kwanza, milima baadaye. Lindqvist, mpiga picha, akalitazama lile koti, akaguna.

"Anasema umevaa kama karani wa benki," Pruitt akatafsiri kwa Kiute cha kuungaunga. "Anataka Mute wa kweli."

"Kwani huyu anayemwona ni wa uongo?"

Lindqvist akafungua sanduku, akatoa shati la ngozi ya kulungu lenye shanga za buluu. Mamuchi, dada yake Tavachi aliyekuja naye, aliitambua mishono kabla hajaliona tundu la risasi kifuani. Alikuwa amemshonea shati hilo mwanawe, Sawachi, ambaye alikwenda kuchunga farasi asirudi.

"Livae, ndugu yangu," akasema. "Tujue lilikotoka."

Tavachi akalivaa. Kichwa chake kikabanwa kwa nyuma na kibano cha chuma asitikisike. Tundu likaanza kutoa damu, ya moto, ikamlowesha mapaja, ikachuruzika hadi kwenye zulia. Lindqvist akaisogeza kamera pembeni isiguse dimbwi, akaendelea na kazi.

Kioo kilichonasa picha kilipotolewa kwenye dawa, aliyeonekana ni Sawachi, ameinua mikono mitupu. Mle kiooni mtu akamlenga kifuani, akafyatua. Kijana akaanguka, akavuliwa shati angali anapumua, akapondwa uso kwa kitako cha bunduki mpaka akatulia. Kisha akasimama, na yote yakaanza upya. Muuaji alikuwa Pruitt.

Pruitt akakisogeza kioo kwenye mwanga. "Nilikuwa mwembamba wakati ule," akasema.

Mamuchi akampokonya, akakivunja kwenye ukingo wa meza, akamchana kwa kipande kutoka sikioni hadi kidevuni. Pruitt akamtandika ngumi ya mdomo. Sakafuni, Sawachi alikuwa akiuawa katika kila kipande. Tavachi alitaka kuinuka. Kibano kikamng'ang'ania shingo.

"Mwambie atulie," Lindqvist akasema, akiingiza kioo kipya. "Mwanga unaondoka."

"Dada, nifanyeje?"

Mamuchi akatema jino. "Kaa. Wamwone."

Wakamwona. Nakala za picha zilijaa kwenye madirisha ya maduka, na Pruitt, shavu limeshonwa, aliwagawia wageni wake. Milima ilichukuliwa kabla ya theluji. Wanunuzi walikuwa na lalamiko moja tu: shanga hazionekani vizuri, kwa kuwa kijana huvuliwa upesi mno.