Alhamisi ya Sita

Baba yake msusi alikuwa fundi magari, mtu wa kuinua injini kwa mnyororo na kucheka bati likimkata, lakini sindano ilimtoa jasho. Alhamisi ya kwanza ya dripu walimchoma mara nne kabla ya kuupata mshipa. Akarudi nyumbani mkono umevimba, akasema, "Wakinichimba hivi tena, siendi. Na sitanii." Daktari alikuwa ameshawaambia uvimbe wa tumboni unahitaji dripu kumi na mbili, bila kuruka hata moja. Na mzee huyo akishasema, amesema.

Basi binti yake, yule msusi, akalivalia njuga jambo hilo. Kila Alhamisi, tangu alfajiri, alimnywesha maji glasi baada ya glasi, mpaka mzee akalalamika kwamba amegeuzwa rejeta ya gari. Wakifika hospitalini alimfunga kitambaa cha moto kwenye mkono wa kushoto, ambao mishipa yake haikimbii, akamwambia auning'inize. Kisha alimwanzishia umbea. Hapo ndipo hakuwa na mpinzani: miaka kumi na tano alikuwa akivuta nywele za watu huku akiwapigia soga mpaka wasahau kwamba kichwa kinauma. Alisimulia mikasa ya jirani, na alipofika patamu alimkonyeza muuguzi, sindano ikaingia, mzee akawa bado anauliza, "Enhe, halafu?"

Alhamisi nne mfululizo, mchomo mmoja tu. Wauguzi walibaki midomo wazi. Wakaanza kumwita: njoo utusaidie na huyu, njoo mara moja kwa yule. Na yeye, tuseme ukweli, alivimba kichwa. Ni nani aliyewahi kumsifu? Mume alishakwenda zake siku nyingi, na mteja akishasukwa hujitazama kwenye kioo, hamtazami aliyemsuka.

Alhamisi ya sita ndiyo kwanza alikuwa amemfunga baba yake kitambaa, akaitwa chumba cha pili. Kulikuwa na mama mmoja analia, hataki kuguswa.

"Dakika mbili tu, Baba."

"Nenda, mwanangu. Niko sawa."

Dakika mbili zikawa ishirini. Mama yule alichomwa huku anacheka, wauguzi wakapiga makofi, mmoja akasema hospitali imwajiri huyu dada mara moja. Kazi ilikuwa imekwisha. Msusi akakaa, akaongeza umbea mwingine, kwa kunogewa tu.

Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu na kitambaa kiko sakafuni, kimepoa. Muuguzi mgeni, aliyehamia wiki ile ile, alikuwa anaokota pamba zenye damu bila kumtazama usoni.

"Nimejaribu mara tano, dada. Akaniambia basi, akainuka."

Alimkuta baba yake getini, anafunga kifungo cha mkono wa shati.

"Baba, kwa nini hukuniita?"

"Mlango ulikuwa wazi, nilikuona. Hujacheka hivyo tangu mama yako afariki. Nikasema nisikukatishe."

"Turudi basi. Nitakushika mwenyewe."

"Nilishasema, mwanangu."

Laiti angemgombeza! Hakumgombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Binti alilia, alibembeleza, alipiga magoti sebuleni, akawaita na mashangazi waje na ukali wao wote. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaaga kwa adabu, akachukua spana zake akaenda gereji. Alhamisi ya saba ikapita hivyo, na ya nane.

Sindano iliyofuata alichomwa miezi mitatu baadaye, akiwa amelala hajitambui. Binti yake alikuwa amekaa kando ya kitanda, hana la kusimulia. Muuguzi aliupata mshipa mara ya kwanza.

"Huyu mzee hasumbui kabisa," alisema. "Laiti wote wangekuwa hivi."