Bomba la Njia ya Kushoto

Mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa na watu wakauhama mji, tuliobaki ndio tulioubomoa. Wengine husingizia vijiji vya jirani. Waongo. Mlango wa shule uko jikoni kwangu. Na bomba la hewa la mgodini nililikata mimi, kwa msumeno wangu, tena kule ndani ili walinzi wasione. Nilitaka nguzo mbili za kuanikia nguo.

Kaka yangu hakuacha kuingia humo. Mbishi tangu tumboni mwa mama. Kila siku alichokonoa makaa akauze vijijini, na nikimfokea ananicheka: "Dada, mimi na mgodi tunajuana." Mnajuana kitu gani, nikamwambia, umeuoa?

Jumanne ukamwangukia. Wanavijiji wale wale tuliowaita wezi wakaja mbio na sururu na majembe. Ndani kulikuwa na njia mbili, kushoto na kulia, zote zimejaa kifusi, na watu wa kutosha kuchimba moja tu.

Mchimbaji mmoja mstaafu akatutuliza. "Mtu akifukiwa anagonga bomba. Mara tano, anapumzika, mara tano tena. Nalo linapita kushoto." Akaweka sikio kwenye ncha iliyochomoza nje. Tukabana pumzi.

"Kimya," akasema. "Angekuwa kushoto tungemsikia. Chimbeni kulia."

Nilipaswa kufungua mdomo hapo hapo. Lakini wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amenishika mkono, nami nikaona aibu. Nikajiambia huenda kweli yuko kulia. Nikachukua jembe nikachimba kuliko wanaume, mpumbavu mimi.

Siku tatu tulichimba kulia bure. Siku ya sita tukafungua kushoto, nikaingia na yule mzee. Kaka alikuwa ameketi, hana hata mchubuko, jiwe bado mkononi. Bomba lilikuwa limebonyea pale alipoligonga. Mzee akalifuata kwa tochi hadi mwisho wake, akapapasa alama za msumeno, akaniangalia usoni. Nililia kwa sauti. Yeye akalichukua lile jiwe akalitia mfukoni.

Wifi alikuwa anatusubiri nje. "Aligonga?" akaniuliza.

"Hapana, wifi. Alikufa papo hapo."

Akamshukuru Mungu, akanikumbatia.