Jiko Lisilotoa Moshi

Siku Philbert alipopanda darini kuteremsha mbegu, alishuka na unga. Siyo unga wa kula, hapana, ule unga wa fukusi, unaomwagika wenyewe ukigusa tu gunzi. Akashika hindi moja, la pili, la tatu, yote yametobolewa tundutundu kama chekeche. Na mvua ilishaanza kunguruma, kijiji kizima huko milimani juu ya Iringa watu wanapanda kesho, keshokutwa.

"Mama Didas!" akaita mpaka kuku wakakimbia. "Njoo uone jiko lako lilivyonifanyia!"

Sasa jiko lenyewe alilijenga yeye, tuseme ukweli. Alikuwa amefanya kazi ya dhahabu kule Makongolosi miaka miwili, na kule miti ilishaliwa na machimbo, ikabidi mpishi wa kambi azungushie mafiga udongo, aache mlango mdogo tu wa kusokomeza kuni. Philbert kurudi nyumbani, akamkuta mkewe, Verediana, anatoka na majogoo kutafuta kuni, anarudi jua la utosi, maana msitu wa karibu watu wameshaufyeka wakalima. Akamjengea. Mzigo wa siku mbili ukawa unakaa wiki nzima, na macho hayawashi tena. Akatembea kijijini kifua mbele, utadhani moto kauumba yeye. Lakini hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ule moshi mwingi wa zamani ndio uliokuwa unalinda mbegu kule darini, tangu enzi za babu zao. Moshi ukapungua, fukusi wakahamia.

"Jiko langu?" Verediana akasimama mlangoni, mwiko mkononi. "Nilijenga mimi?"

"Nani alikuwa analia mgongo, mgongo, kila siku mgongo?"

"Sasa nilie mgongo wa nani, wa jirani?"

Kelele zikamtoa mama yake Philbert, bibi Tekla, nyumba ya pili. "Nilisema mimi! Moto unafungiwa kama mbuzi? Haya, kuleni udongo!"

Hapo ndipo Philbert akachukua jembe. Akapiga mara tatu. Jiko likabomoka, udongo ukaingia kwenye chungu cha maharage. Verediana hakulia. Aliingia ndani, akatoka na panga, kamba, na kata yake ya kichwani, akavitupa miguuni kwa mumewe.

"Haya. Mafiga yanataka kuni. Nenda."

"Mwanaume abebe kuni?"

"Mwanaume kavunja jiko. Mimi leo sipiki wala siendi. Mtoto akilia njaa utamwimbia."

Philbert akaenda, kwa hasira tu, akisema atarudi sasa hivi. Sasa hivi gani! Vilima viwili, bonde, halafu kilima cha tatu. Akakata, akafunga, akaweka kichwani, mzigo ukaanguka. Akaweka begani, kamba ikamchuna. Wanawake wakampita na mizigo mikubwa kuliko wake, mmoja, Esta, tena ana mimba ya miezi saba.

"Kamwene, shemeji!" Esta akamsalimu. "Umeolewa lini?"

Wakacheka mpaka wakashika mizigo isianguke. Philbert alimkasirikia Esta, akamkasirikia Verediana, akaukasirikia mlima wenyewe. Alipopumzika mara ya tano akajikuta anajikasirikia mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyouma kuliko zote, maana hakuna wa kumpiga jembe.

Akapita mbele ya kanisa saa ileile watu wanatoka rozari. Bibi Tekla alikuwa mbele kabisa, na kanga yake mpya.

"Yesu na Maria! Philbert! Watu watasema nimezaa nini?"

"Kuni hizi, mama."

"Weka chini!"

"Nikiweka chini sitaweza kuinua tena."

Watu wakaangua kicheko, hata padri akageukia ukutani. Bibi Tekla akarudi nyumbani anatembea kama anapigana na barabara. Akapanda darini kwake mwenyewe, kweusi kwa masizi, akashuka na kapu la mahindi mazima, akalibwaga mbele ya mwanawe.

"Mbegu hizo, panda. Mwaka ujao mtatundika zenu kwangu, mimi moshi ninao. Lakini lile lidude lako la udongo ulijenge leo hiihii! Usinipitishie tena kuni mbele ya kanisa!"

"Mama, si wewe uliyesema..."

"Nilisema nini? Jenga!"

Akakanda udongo, hajala, tope mpaka kwenye viwiko, anasonya peke yake. Verediana akaleta maji, akakita ndoo chini mpaka yakaruka. Naye hasira zilikuwa hazijaisha, maharage yake yameharibika.

"Mlango fanya mdogo zaidi," akasema. "Ule wa kwanza ulikuwa unapoteza moto."

Philbert akainua kichwa, jibu likiwa limeshafika mdomoni. Bega likamchoma pale lilipochunika. Akachota tonge kubwa la udongo, akalipiga kwenye ukuta wa jiko kwa nguvu zake zote, likanata.