Kilima cha Seleman

Bibi Tunu wa Nambambo alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: jina la baba yake liandikwe kwenye bango la historia ya mji wa Nachingwea. Baba huyo, Seleman Mkuti, alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, akang'oa visiki vya shamba la karanga la Wazungu mpaka mgongo ukapinda. Shamba likafa, Wazungu wakaondoka, yeye akabaki na kuzikwa pale pale penye visiki vyake.

Bango lilikuwa na sehemu tatu: Jiografia, Historia na Watu. Mwenyekiti wa kamati, Amedeus, alimpokea bibi kwa heshima zote, akamweleza kwamba Watu wameshajaa. Na kweli walijaa. Walikuwemo wanakamati wote tisa na vyeo vyao, na mmoja alikuwa amehamia juzi tu, hata godoro lake bado lina nailoni ya dukani. Kwenye Historia waliandika kwamba karanga zilistawi sana.

"Basi sawa, mwanangu," Bibi Tunu akasema. "Mgeni rasmi akija kuzindua bango, mimi nitamsimulia zilivyostawi."

Amedeus, aliyejua vizuri shamba lile lilivyokufa, akaita wenzake haraka. Kamati ikakaa kikao cha siku nzima. Kila mjumbe alikubali kwamba mzee anastahili, kisha akamtazama mwenzake ampishe. Hakutoka mtu. Mwishowe wakamwagiza Linus, fundi rangi, alichomeke jina popote palipobaki nafasi. Nafasi ilibaki kwenye Jiografia, mwisho wa orodha ya vilima.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alivuta kitambaa, akasoma orodha kwa sauti hadi Seleman Mkuti. Jina likampendeza. Akaomba apelekwe akakione hicho kilima. Wanakamati wote wakatazama viatu vyao wenyewe.

Bibi Tunu akachukua fimbo, akatangulia. Msafara ukamfuata kwenye mikorosho, magari yakaachwa njiani, suti zikanasa miibani, simu zote juu zikipiga picha, hadi kwenye tuta la udongo lililoota nyasi. Bibi alifurahi mno. Tangu azikwe, baba yake hakuwahi kupata wageni wengi namna hiyo.

"Mbona kifupi hivi?" mgeni rasmi akauliza.

"Alikuwa mrefu, mheshimiwa," Bibi Tunu akajibu. "Visiki ndivyo vilivyompunguza."

Mgeni rasmi akavua kofia. Kamati, ambayo haikuwa na kofia hata moja, ikainamisha vichwa vyote tisa.