Ubao Mmoja Tu Uliooza

...na huu nao mzima, nyundo ya mti inajibu ko, ko, sauti kavu ya mvule usio na ugonjwa, Talha anasogea shibiri moja kuelekea tezi, nyuma ya boti, na kugonga tena, sikio karibu liguse ubavu wa boti, anaomba, Mungu amsamehe, ubao mmoja tu uliooza, mmoja, apate la kumwambia mtani wake kwamba boti hii haitoki hapa ufukweni Kawe, sembuse kwenda Shelisheli... "Mzaramo, umelala?" anauliza Gibson kutoka upande wa pili... "Nasikiliza, mtani, nyamaza, mtu wa Songea unajua nini habari za boti?"... na Gibson anacheka, kicheko kilekile cha miaka ishirini na sita, tangu alipokuja kufundisha jiografia na kupanga chumba ukuta kwa ukuta na Talha, akajitangaza Mngoni, basi utani ukaanza siku hiyohiyo, na sasa kastaafu, kajifunza kusafiri kwa matanga miaka minne, mkewe Vaileth keshanunua jiko la kuning'inia lisilomwaga sufuria wimbi likija, wanaondoka wawili, kuzeeka visiwani, na fundi wa kuwapimia boti ni yeye Talha, ko, mzima, lo, boti yenyewe tamu, ya zamani, nzito, mkuku wake, uti wa mgongo wa boti, umenyooka kutoka omo mbele mpaka tezi, haigeuzwi ovyo na bahari, mlingoti umekaa juu ya mkuku wenyewe, angekuwa nayo yeye... mama yake alipofariki Gibson alilala kizingitini, mwalimu mzima na tai yake, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku, na Talha alicheka, machozi yanamtoka na anacheka, bila mtu yule angepasuka kifua siku ile, na yeye Talha akifa nani atalala kizingitini, nani, ko, ko, mzima huu pia... aseme tu umeoza, neno moja, lakini Gibson atacheka, atasema Mzaramo huna jipya, kwa sababu mwaka wa ishirini na sita huu hawajaambiana neno moja lililonyooka, na akisema boti nzima pia atacheka, ataingia baharini na Vaileth wake bila kujua kama alipimiwa au alitaniwa, na siku ya nane ya safari, maji matupu pande zote, usiku mbao zikilia atalala vipi... ko, ubao wa mwisho, Talha anaacha kiganja juu yake, una joto la jua, anaona hautafuti tena ubovu, anaupapasa tu kama mgongo wa mtu anayesindikizwa... "Vipi, mtani, kimya mno," anasema Gibson akicheka, na Talha, kwa jinsi ampendavyo mtu huyu, anaona lazima aweke utani kando, hakuna njia nyingine ya kumwambia boti ni nzima akaamini.

"Gibson," anasema, jina ambalo hajawahi kumwita, na upande wa pili wa boti kicheko kinakatika.