Nyama Yetu Huoza

Bucha ya Hidaya, pale mtaa wa Dallas mjini Embu, haikuwa na nzi hata mmoja, na hilo ndilo lililomponza.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameweka kioo na wavu wa kuzuia nzi, akajigamba kwa kila mteja. Kisha televisheni ikatangaza kwamba maduka fulani Nairobi hutia nyama dawa isiharibike, na nzi hawatui juu ya nyama ya dawa. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kesho yake wateja wa Hidaya walivuka barabara wakanunue pale nzi walipojaa kama wageni wa harusi.

Ciakuthii, mwalimu mstaafu anayesikilizwa na mtaa mzima, alichungulia kiooni akamtikisia Hidaya kichwa.

“Mama Omar, kama nzi wamekataa hiyo nyama, mimi ni nani niile?”

Hidaya aliumia sana. Biashara ikilala hivyo hadi Jumamosi, ingebidi amwachishe kazi Marete, mkataji wake wa miaka saba. Marete mwenyewe alishauri waondoe kioo, nzi waingie. Hidaya akakataa kukaribisha uchafu ili aaminiwe. Kuwatukana watu wa televisheni nako hakukufaa, maana huko kwingine walisema kweli.

Jumatano asubuhi alining'iniza kipande cha paja kwenye nguzo, ng'ambo ya mtaro, na ubao chini yake: NYAMA YETU HUOZA. NJOO UONE. Akaandika na saa ng'ombe alipochinjwa, na kila aliyetaka akakaribishwa ndani aone muhuri wa mkaguzi.

Siku ya kwanza watu walicheka, na nzi wa Dallas wote wakahamia nguzoni. Siku ya pili kicheko kilipungua. Ijumaa fundi wa viatu aliyekaa karibu na nguzo alishindwa na uvundo, akabeba meza yake akahama, akinung'unika njia nzima.

Hapo ndipo Ciakuthii alipokuja, leso puani, na umati nyuma yake. Alisogea hadi nguzoni, akainusa ile nyama kama anayesahihisha mtihani, akarudi nyuma haraka.

“Imeoza vizuri kabisa,” akasema. Akaingia buchani. “Nipimie kilo mbili, ya leo. Na ile nyingine, mama, tafadhali kaizike.”

Foleni ikafika barabarani. Marete alikuwa ameshashika kisu. Hidaya alitokwa na machozi, akasingizia harufu.